NYUMBA YA MKRISTO: Siku ya Bwana na Watoto Wetu



Masomo ya mwezi huu: Kumbukumbu la Torati 5:12–15, Nehemia 13:15–22, 2 Timotheo 1:5.

Wazazi kadhaa wa Kariakoo na Mchafukoge wameniuliza swali moja: “Mwalimu, tukiisha kurudi kanisani siku ya Jumapili, tufanye nini na watoto mpaka jua lichwe? Chumba ni kimoja, mtaa una kelele, na sisi hatukusomea ualimu.” Swali hili ni jema, nami nitalijibu kadiri nilivyojaliwa.

Kwanza, neno ualimu lisituogopeshe. Daktari Martin Luther alipozikagua sharika za Saksonia mwaka 1528, aliona kwamba watu wengi, hata baadhi ya wachungaji, hawakujua mambo ya kwanza ya imani. Mwaka uliofuata akatunga Katekisimo Ndogo. Angalieni jinsi alivyoitunga: juu ya sehemu zake kuu aliandika kwamba hayo ndiyo yampasayo mwenye nyumba kuwafundisha watu wa nyumbani mwake kwa maneno mepesi. Tena mafundisho hayo yalichapwa kwanza katika karatasi kubwa za kubandikwa ukutani, ndipo yakawa kitabu. Basi hayakuandikwa kwa ajili ya mchungaji peke yake, bali kwa baba na mama na chumba chao. Na Loisi na Eunike, bibi na mama yake Timotheo, hatusomi kwamba walikuwa na cheo cho chote. Walakini imani ilikaa kwanza ndani yao, kisha ikamfikia mtoto.

Sisemi kwamba watoto waondolewe shuleni. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 yamlazimu mzazi kumpeleka mtoto shule ya msingi, na jambo hilo ni la heri. Nasema tu kwamba shule haiwezi kushika mahali pa nyumba. Majirani zetu Waislamu watufundisha neno hapa: mtoto wao arudipo shuleni hubadili nguo akaenda madrasa, wala hakuna anayesema kwamba amechoka. Je, sisi tuliopewa siku nzima twashindwa?

Lakini Jumapili isigeuzwe kuwa siku nyingine ya hesabu na masomo ya ziada. Mtoto aliyeinama juu ya daftari siku sita asiinamishwe tena siku ya saba, akadhani kwamba Mungu naye ni msimamizi wa mtihani. Yafaa afundishwe kwa kazi za namna nyingine. Nitazitaja nne.

Kazi ya kwanza ni ya Jumamosi. Wana wa Israeli waliokota mana maradufu siku ya sita. Vivyo hivyo soko liendewe Jumamosi, mchele uchambuliwe, nguo zipigwe pasi, viatu vipakwe rangi, na kila mtoto apewe sehemu yake. Nyumba isiyojitayarisha huamka na ugomvi, na ugomvi huo huingia nao kanisani.

Kazi ya pili ni ya ukutani. Chukueni karatasi moja kubwa, mtoto mwenye mwandiko mzuri aandike humo amri moja, au sehemu moja ya Sala ya Bwana. Ibandikwe karibu na mlango mwezi mzima. Jumapili ya kwanza isomwe; ya pili waulizwe maana yake; ya tatu kila mtoto alete mfano wa jambo aliloliona mtaani; ya nne waiseme bila kutazama. Robo saa yatosha.

Kazi ya tatu ni ya mezani. Mtoto asimulie mahubiri kwa maneno yake mwenyewe, akianza aliye mdogo, asije akayafuata maneno ya mkubwa. Akikosea asichekwe. Baba naye aulizwe, ili watoto wajue kama alisikiliza au alisinzia.

Kazi ya nne ni ya miguu, nayo ndiyo ninayoipenda zaidi. Alasiri jua likipungua, washikeni watoto mikono, mfuate Mtaa wa Uhuru mpaka Mnazi Mmoja, mpite katika mitaa ya Mchafukoge, mtoke Barabara ya Samora penye Sanamu la Askari, lililosimamishwa mwaka 1927. Hapo mtoto asome maandishi, maana yamo kwa Kiswahili pamoja na Kiarabu na Kiingereza. Ataona kwamba hayakuwekwa kwa ajili ya wenye bunduki tu, bali na kwa wapagazi. Ndipo mzazi amweleze habari za mtaa wake mwenyewe. Waingereza waliuteka mji huu mwezi wa Septemba 1916, wakaweka kambi ya wapagazi wao pale palipojengwa soko na Wajerumani. Kikosi hicho kiliitwa Carrier Corps, na vinywa vya watu vikalifanya jina hilo Kariakoo. Wengi katika wapagazi hao walichukuliwa kwa nguvu, wakafa kwa njaa na maradhi mbali na kwao. Kisha teremkeni mpaka pwani, penye kanisa la Azania Front, lililoanza kujengwa mwaka 1898, mkae kidogo penye upepo, mwimbe wimbo mmoja, mrudi nyumbani.

Sababu yangu ya kuchagua njia hii ni somo letu la kwanza. Katika Kumbukumbu la Torati, Mungu awaagiza Israeli kuishika Sabato, akawakumbusha kwamba wao nao walikuwa watumwa katika nchi ya Misri; kwa hiyo mtumishi wa kiume na wa kike apumzike kama bwana wake. Maana yake pumziko si zawadi ya mwenye nyumba peke yake. Nasi twakaa katika mtaa unaoitwa kwa jina la watu waliobebeshwa mizigo pasipo pumziko. Nani angeielewa amri hii upesi kuliko mtoto wa Kariakoo?

Basi, ndugu, hapa ndipo penye jambo lenyewe. Katika kuzitembelea nyumba za Wakristo siku ya Jumapili, nimeona watoto wameketi vizuri, baba ameshika Biblia, wimbo waimbwa, na huko jikoni binti wa kazi yuko peke yake na sufuria na ndoo ya nguo. Yeye naye ni mtoto wa mtu, mara nyingi ni Mkristo aliyebatizwa huko kwao. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 yampa mfanyakazi saa 24 za mapumziko kila juma. Itakuwa aibu kwetu kama sheria ya nchi ina huruma kuliko nyumba ya aliyebatizwa. Mtoto atasahau maneno ya ukutani, lakini hatasahau ni nani aliyeosha vyombo siku ya Bwana. Binti huyo aende kanisani, aketi mezani, aulizwe juu ya mahubiri kama wengine, na siku hiyo vyombo vioshwe na wana wa nyumba. Hilo ni somo kubwa kuliko yote manne niliyoyataja.

Imebaki habari ya mama mwenye meza sokoni. Amenijia akasema: “Mwalimu, nikifunga Jumapili, kodi ya chumba nitaipata wapi?” Tusimjibu kwa ukali. Twajua kwamba mwaka 2025 mpango wa biashara ya saa 24 ulizinduliwa Kariakoo, na anayefunga humwona mteja wake akienda kwa jirani. Nehemia aliyafunga malango ya Yerusalemu, wachuuzi wakalala nje. Sisi hatuna amri juu ya malango ya soko; walakini kila mmoja anao mlango wa chumba chake. Mama, kama huwezi kuitoa siku nzima, itoe asubuhi kwa ibada, na saa moja ya jioni kwa watoto, wala saa hiyo usiiuze kwa bei yo yote. Tena patana na jirani yako Mwislamu: Ijumaa aendapo msikitini ulinde meza yake, na Jumapili yeye ailinde yako. Wala mtoto asikalishwe mezani kuuza wakati wenzake wako katika mafundisho. Nasi tulio na mshahara wa mwezi tujiulize kama tumewahi kumwambia mama kama huyo, “Leta watoto kwetu, wale na wasome pamoja na wetu, mpaka utakapofunga.”

Kazi ya mwezi huu: bandikeni ukutani amri ya siku ya mapumziko, na chini yake yaandikwe majina ya watu wote walalao nyumbani mwenu, asiachwe hata mmoja. Kila Jumapili jioni ulizeni mbele ya watoto: je, kila mwenye jina hapa amepumzika? Jina likikosa pumziko, juma lifuatalo lianzwe na hilo.

Bwana azibariki nyumba zenu, awape watoto wenu masikio ya kusikia, na ninyi mikono ya kupunguza mzigo wa mwenzenu.

Ni mimi, mwalimu wenu katika Kristo.