Mtoto Mdogo na Vitu vya Kuchezea

Siku ya mnada utaona magari ya plastiki yanayokwenda yenyewe. Yana taa nyekundu, tena yanaimba. Ukiwa na mtoto wa miaka 2 nyumbani, moyo utakushawishi ununue. Kabla hujatoa fedha yako, jiulize jambo moja. Mtoto atafanya nini na gari hilo?

Gari linakwenda lenyewe. Linaimba lenyewe. Mtoto amekaa, analitazama. Betri zikiisha, mchezo umekwisha. Hapo aliyecheza ni gari, siyo mtoto.

Mimi naona kitu kizuri cha kuchezea ni kile kinachomfanya mtoto atumie mikono yake na akili yake. Vitu vya namna hiyo vingi havinunuliwi. Chukua vikombe 3 vya plastiki: kimoja kikubwa, kimoja cha kadiri, kimoja kidogo. Mpe mtoto. Atajaribu kutia kikubwa ndani ya kidogo. Kitakataa. Atakigeuza, atajaribu tena. Usimfanyie haraka. Mwache ahangaike kidogo, kwa maana ndipo anapojifunza kipi kikubwa na kipi kidogo. Siku nyingine mpe mchanga, ajaze na kumwaga.

Nenda pia kwa fundi seremala. Mwombe vipande vya mbao anavyotupa. Vipige msasa mpaka visiwe na vibanzi. Mtoto atapanga viwili, vitatu, vitaanguka, naye atacheka na kuanza upya. Usivipake rangi. Baadhi ya rangi za mafuta zina madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Na mtoto wa umri huo kila kitu hukipeleka mdomoni.

Wako wanaosema kwamba kucheza ni kupoteza wakati. Sikubaliani nao. Mtoto wa miaka 2 hana daftari. Kucheza ndiko kusoma kwake. Mwaka 2021 Serikali ya Tanzania ilizindua programu ya taifa ya malezi na makuzi ya watoto, tangu kuzaliwa hadi miaka 8. Humo kujifunza kwa mtoto mdogo kumewekwa pamoja na afya, lishe, malezi na ulinzi.

Lakini kikombe hakisemi. Wewe ndiye utakayesema. Mtoto akigonga sufuria kwa mwiko, mwambie, "Sufuria." Akipanga vipande vya mbao, hesabu naye: moja, mbili, tatu. Sema naye kwa lugha mnayotumia nyumbani. Baba naye akae chini acheze, hii si kazi ya mama peke yake. Kelele ya sufuria itakuchosha, nakubali. Vumilia.

Sasa nataka tusemezane juu ya hatari, kwa kuwa hapa watu wengi hawaangalii. Tazama kisoda, yaani kizibo cha chupa ya soda. Upana wake ni karibu sentimita 3. Kitu chenye ukubwa huo au kidogo zaidi kinaweza kuingia kooni na kuziba pumzi ya mtoto. Kwa hiyo kisoda chenyewe, shanga, kete za bao na punje za mahindi si vya mtoto wa chini ya miaka 3. Ukimtengenezea manyanga, tumia kibuyu kikavu, na tundu lake ulizibe vizuri ili mbegu zisitoke.

Hatari nyingine ni betri ndogo za duara, zinazong'aa kama sarafu. Zimo katika baadhi ya vitu vinavyoimba na kuwaka taa. Mtoto akimeza betri hiyo na ikakwama kooni, inaweza kumuunguza vibaya kwa muda wa saa 2 tu. Usingoje aanze kulia. Mpeleke zahanati au hospitali saa ile ile.

Tena kuna chupa za dawa ya pamba. Zina rangi nzuri na mfuniko mzuri, na mtoto huzipenda. Hata ukiiosha mara 3, chupa hiyo usimpe. Sumu hubaki humo, na jicho halioni.

Gari je? Gari ni zuri, kwa mvulana na kwa msichana, lakini litengeneze liwe la kusukuma. Chukua ndala zilizochakaa, zioshe, ukate magurudumu 4. Yakate mapana, yazidi kisoda mara 2. Mwili wa gari uwe kipande cha mbao kilichopigwa msasa. Usitumie waya wala misumari inayochomoza. Toboa mbao, pitisha vijiti vinene, ukaze magurudumu. Kila siku kabla hujampa mtoto, yavute kwa mkono uone kama yanashika.