Programu inasoma saratani, lakini ya Bomet haijafunzwa

Karibu kila seli mwilini mwako, iwe ya jicho au ya ini, ina DNA ileile. Tofauti ni jeni zipi zimewashwa na zipi zimezimwa. Swichi mojawapo ni chembe ya kemikali iitwayo methili, inayojibandika juu ya DNA bila kubadilisha mpangilio wa herufi zake. Saratani ikiingia, swichi hizi huvurugika kwa mpangilio wake, karibu kama alama za vidole.

Kipimo kimoja hukagua sehemu zaidi ya 850,000 kwa mgonjwa mmoja. Hapo macho ya daktari hayafui dafu, lazima programu isaidie.

Mwaka 2018, watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, walichapisha programu ya kutambua uvimbe wa ubongo, iliyofunzwa kwa sampuli zaidi ya 2,800. Walipoijaribu kwa wagonjwa wapya zaidi ya 1,100, hadi asilimia 12 walibadilishiwa jina la ugonjwa. Na jina si mchezo, ndilo huamua utapewa dawa gani na kama utapigwa miale. Kisha 2023 Waholanzi wakaleta yao, Sturgeon, inayoweza kutoa jibu ndani ya dakika 90, mgonjwa angali kwenye meza ya upasuaji. Kati ya upasuaji 25, ilipatia 18. Katika 7 zilizobaki haikuwa na uhakika wa kutosha, ikanyamaza. Mimi hiyo tabia naipenda. Kuna watu hawana.

Sasa Heidelberg inakuhusu nini wewe uliye Umoja ama Kisauni? Programu hizi hulinganisha tu sampuli yako na zile zilizofunzwa nazo, na nyingi zimetoka hospitali za Ulaya na Marekani. Lakini methili hubadilika kulingana na asili ya mtu, umri, sigara, hata mazingira. Chukua saratani ya umio. Huko Bomet, madaktari waliripoti tangu 2002 kwamba inawapata hata vijana wa chini ya miaka 30, jambo ambalo Ulaya ni nadra sana. Programu isiyowahi kuwaona vijana hao itawafananisha na nani?

Kinachokera ni kwamba programu yenyewe si ghali. Minfi, inayotumiwa na watafiti kote duniani, unaipakua bure. Ukiwa na laptopu, bando na subira ya kujifunza lugha ya R, unaanza leo. Tunachokosa ni sampuli zetu, na maabara za kuzipima hapahapa badala ya kuzisafirisha ng'ambo kisha tusubiri matokeo kama wageni.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu data ya jeni kuwa nyeti. Kwa hivyo siku ukiletewa fomu ya utafiti hospitalini, usisaini tu juu juu. Uliza sampuli itapimwa wapi, data itakaa kwa nani, na kama kuna Mkenya katika timu ya kuichanganua.