Kabla ya bakora

Nilifundisha darasa la pili mjini Tanga miaka kumi na tisa, na bakora yangu ilikuwa ya mpera. Mwaka mmoja nilikuwa na mvulana mwenye mwandiko ulionyooka kama kapigia rula. Baada ya likizo ya Juni akarudi mwingine: ukimwita hageuki, akishuka ngazi anapapasa ukuta. Nikasema jeuri. Nikamchapa. Muda si mrefu wazazi wakamhamisha, na hadi leo sijui alikuwa na nini.

Nilipostaafu, binti yangu anayefanya kazi maabara aliniletea filamu ya 1992 kuhusu Lorenzo Odone, mtoto aliyewahi kuishi Komoro na wazazi wake. Naye alianza hivyo hivyo: vurugu darasani, masikio, kuangukaanguka. Mwaka 1984, huko Marekani, madaktari wakautaja ugonjwa: adrenolukodistrofi. Nilizima filamu katikati.

Binti alinieleza kwa mfano wa muwa. Muwa mzima hauingii mdomoni, hukatwa pingili kwanza. Kuna mafuta mwilini yenye mnyororo mrefu mno, kaboni 22, hata 26. Seli huyakatia kwenye vijifuko viitwavyo peroksisomu. Kwa watoto hawa mlango wa kuyaingizia humo ni mbovu, basi yanarundikana, hasa kwenye ubongo na tezi zilizo juu ya figo. Kasoro yenyewe imo kwenye kromosomu X, wavulana huipata kwa mama. (Najua kwetu watu wangeimaliziaje sentensi hiyo.)

Kumnyima mtoto vya kukaanga hakutoshi, kwani mafuta hayo mengi mwili unajitengenezea wenyewe. Mafuta ya tiba yaliyopewa jina la Lorenzo hushusha kiwango cha hayo yenye mnyororo mrefu kwenye damu, ila hayamrudishi aliyekwisha kuharibika ubongo. Kupandikiza uboho husaidia, akiwahiwa.

Nani wa kumuwahi? Daktari hamuoni kila siku. Mwalimu anamuona. Ndiyo maana nataka vyuo vya ualimu vifundishe hili: mtoto aliyeporomoka ghafla apelekwe kupimwa masikio, macho, na aonwe na daktari, kabla ya fimbo. Wengi hawatakutwa na ugonjwa huu adimu. Watakutwa na usaha sikioni, au kifafa. Sawa tu.

Daftari la yule mvulana ninalo. Mei, herufi zimekaa juu ya mstari. Julai zinateremka, zinateremka, mpaka zinatoka nje ya ukurasa, na chini yake kalamu yangu nyekundu imeandika: Mvivu.