Mafuta ya Nazi na Kimya cha Darasani

Msafiri atokaye mjini Kisumu akifuata barabara ya Busia hupita Otonglo kabla ya kufika Kisian. Ni soko dogo ambalo jina lake huwakumbusha wazee sarafu ya senti kumi. Katika maduka yake, kama ilivyo katika masoko mengi ya ufuo huu wa ziwa, chupa ya mafuta ya nazi si kitu kigeni tena. Mnazi haukustawi huku kwetu. Chupa hiyo imesafiri zaidi ya kilomita 800 kutoka Kwale au Kilifi, au imeletwa kwa meli kutoka ng'ambo. Muuzaji akiulizwa mafuta hayo yafaa nini, atajibu kwamba yafaa kila kitu: nywele, uso, mtoto mchanga, makovu na, kwa sauti ya chini, mambo ya chumbani.

Jibu hilo la sauti ya chini ndilo linalotushughulisha leo. Muuzaji analitoa kwa sababu kuna anayeuliza, na aghalabu anayeuliza ni kijana aliyetoka shuleni au chuoni, mahali ambapo hakuna aliyethubutu kumjibu.

Hatukusudii kuyatia ila mafuta yenyewe. Watu wa pwani wameyajua kwa karne nyingi. Nazi hukunwa kwa mbuzi, tui likakamuliwa na kuchemshwa polepole hadi maji yaishe na mafuta yaelee juu; au nazi hukaushwa ikawa mbata, kisha ikashindiliwa. Kule somo aliyemlea mwari hakumfundisha kupika tu, bali pia kuutunza mwili wake, na mafuta ya nazi yalikuwamo katika mafunzo hayo. Huku ziwani bibi zetu walijipaka samli, ambayo Wajaluo huiita mo nyaluo. Mkono uliokuwa ukichovya katika kibuyu cha samli sasa unafungua chupa ya nazi, na hapo hakuna la kushangaza. Reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 ilileta mengi kutoka pwani, ikiwa ni pamoja na lugha hii tunayoandikia.

Sayansi nayo haiyapingi. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya loriki, na huyeyuka panapo joto la nyuzi 24 hivi za selisiasi. (Mwalimu wa kemia wa Kisumu hana haja ya friji kuwaonyesha wanafunzi jambo hili: alfajiri ya baridi chupa huwa imeganda, na adhuhuri imekuwa kama maji.) Yakipakwa juu ya ngozi yenye unyevu baada ya kuoga, huzuia maji yaliyomo yasipotee upesi. Huko Ufilipino, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 uliwahusisha watoto 117 wenye pumu ya ngozi. Waliopakwa mafuta ya nazi kwa majuma manane walipata nafuu zaidi kuliko wenzao waliopakwa mafuta yatokanayo na petroli. Kwa ngozi kavu iliyopauka, basi, anayetumia nazi hakukosea. Ila hayamkingi mtu na jua, na mwenye chunusi usoni huenda yakamzidishia.

Tena tukiyalinganisha na baadhi ya vipodozi vinavyouzwa, mafuta ya nazi ni malaika. Wengi wamesahau habari iliyohusu ziwa letu wenyewe. Mwaka 2001 Masazumi Harada, daktari wa Kijapani aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuyachunguza maradhi ya Minamata, alichapisha pamoja na wenzake matokeo ya uchunguzi kuhusu zebaki katika miili ya watu wa Kenya, wakiwemo wa eneo la Ziwa Viktoria. Zebaki ilipimwa kwenye nywele. Mtu angedhani sumu hiyo ingetoka kwa samaki, kama ilivyotokea Minamata. La hasha! Waliokutwa na kiwango cha kutisha walikuwa wakioga kwa sabuni ya kujichubua. Zebaki hudhuru figo na neva, na humfikia mtoto akiwa bado tumboni mwa mamaye. Serikali imekwisha kupiga marufuku vipodozi vya namna hiyo, na mwaka 2023 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, zikikutana Geneva, ziliamua kwamba zebaki isitiwe kamwe katika vipodozi. Msichana anayeiacha sabuni kama hiyo akashika chupa ya nazi amejitendea hisani kubwa.

Hadi hapa hatuna ugomvi na muuzaji. Ugomvi unaanza mafuta yanapotoka kwenye mkono na uso yakaingia faraghani.

Tuanze na wakubwa, kwani walimu nao ni watu na wana miili. Mwanamke anapofikia ukomo wa hedhi, homoni ya estrojeni hupungua, na uke huwa mkavu na mwepesi kuumia. Anayenyonyesha huweza kupatwa na hali iyo hiyo kwa muda. Tendo la ndoa likawa maumivu, na maumivu yakazaa kisingizio, na kisingizio kikazaa manung'uniko kati ya watu wawili wanaopendana. Ni wangapi wanaolisema jambo hili hata kwa daktari? Mafuta ya nazi yakipakwa sehemu za nje huondoa mkwaruzo, na wanandoa wasiotegemea kondomu huweza kuyatumia kama utelezi bila hatari kubwa. Lakini maumivu yanayodumu, au damu inayotoka baada ya hedhi kukoma, si kazi ya chupa. Hospitalini kuna vilainishi vya maji, kuna krimu za estrojeni, na kuna vipimo.

Lipo pia dai kwamba mafuta haya hutibu muwasho unaoletwa na kuvu ukeni. Ni kweli kwamba watafiti wa Ibadan, Nigeria, walionyesha mwaka 2007 kuwa mafuta ya nazi huzuia kuvu aina ya kandida kukua. Walionyesha hivyo katika vyombo vya maabara. Mwili wa mwanadamu ni jambo jingine. Uchunguzi wa Los Angeles, Marekani, uliochapishwa mwaka 2013 na kuwahusisha wanawake 141, ulikuta kandida kwa asilimia 44 ya wale waliokuwa wakitia mafuta ya aina mbalimbali ukeni, ilhali kwa wasiotia ilikuwa asilimia 5. Idadi hiyo ya wanawake ni ndogo, na haithibitishi kwamba mafuta ndiyo yaliyoleta kuvu. Huenda wengine waliyatia kwa sababu walikwisha kuwashwa. Hata hivyo, inatosha kumfanya mtu mwenye busara asiingize mafuta ndani kama dawa. Uke hujisafisha wenyewe.

Sasa tufike palipo na moto. Kondomu nyingi hutengenezwa kwa utomvu wa mpira, na mafuta ni adui wa mpira. Mwaka 1989 ilichapishwa taarifa ya watafiti waliopaka kondomu mafuta ya madini kwa sekunde 60 tu, kisha wakazijaza hewa mpaka zipasuke. Zilikuwa zimepoteza takriban asilimia 90 ya nguvu zake. Mafuta ya mimea nayo huulegeza mpira, ndiyo maana wataalamu wa afya husisitiza kwamba mafuta ya aina yoyote, yawe ya nazi, ya kupikia au ya kujipaka, yasikutane na kondomu ya mpira. Ubaya wake ni kwamba jicho halioni kitu. Kondomu iliyolegezwa hufanana na iliyo nzima, na aliyeivaa hudhani amejikinga.

Katika mkoa mwingine huenda hili lingekuwa suala la mimba zisizotarajiwa peke yake, na hilo nalo si dogo. Kwetu ni suala la uhai. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba asilimia 4.9 ya Wakenya wenye umri wa miaka 15 hadi 64 walikuwa na virusi vya ukimwi. Kaunti ya Kisumu ilikuwa na asilimia 17.5, na jirani yetu Homa Bay asilimia 19.6. Kijana wa Otonglo anayefanya kosa dogo la kikemia analifanya mahali ambapo adhabu yake ni kubwa kuliko karibu popote nchini. Jambo la kusikitisha ni kwamba kutoka sokoni hapo hadi Kisian, ilipo taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI yenye sifa duniani kote, ni mwendo mfupi sana wa matatu. Elimu iko jirani, ila haijavuka barabara.

Kwa nini haijavuka? Wasomaji wa makamo wanakumbuka kondomu na vitabu vya elimu ya jinsia vikiteketezwa hadharani jijini Nairobi katikati ya miaka ya 1990. Serikali ilipoutangaza ukimwi kuwa janga la taifa mnamo Novemba 1999, shule zilipewa jukumu la kufundisha, na mwaka 2013 Kenya ilitia sahihi huko Cape Town, pamoja na nchi nyingine za mashariki na kusini mwa Afrika, ahadi ya kuwapa vijana elimu kamili ya afya ya uzazi. Ahadi ni ya karatasi. Darasani mwalimu hufika kwenye ukurasa huo akakohoa, akawaambia wanafunzi wakausome wenyewe nyumbani. Hatumlaumu sana, maana anamwogopa mzazi, anamwogopa mkuu wa shule, na anaogopa kicheko cha kidato cha tatu, ambacho kwa hakika ni kitu cha kuogofya.

Wako wazazi na viongozi wa dini wanaosema kwamba kulitaja jambo ni kulifundisha. Tunaiheshimu hofu yao, na tunakubaliana nao kwamba kijana wa shule afadhali angoje. Lakini kwamba mafuta huharibu mpira si mahubiri ya uasherati. Ni kemia, kama kutu katika chuma. Aliyefundishwa jambo hili akiwa na miaka 16 atakuwa nalo akiwa na miaka 26, ameoa, na mmoja wao ana virusi na mwingine hana. Ndoa za namna hiyo ziko nyingi katika ufuo huu, na watu wake husali katika makanisa hayo hayo. Na wanachuo wanaosomea ualimu ni watu wazima. Kwao hatuoni udhuru wowote wa kunyamaziana.

Yapo mambo matatu ambayo kila anayehitimu angepaswa kuyajua kabla hajafika dukani. Vilainishi vya maji na vya silikoni haviudhuru mpira, na maduka ya dawa huviuza. Kondomu ya kike inayotengenezwa kwa nitraili haiharibiwi na mafuta. Na mafuta aliyojipaka mtu mikononi kwa ajili ya ngozi yake hufika kwenye kondomu asipoyaosha kwanza kwa sabuni. Hili la tatu husahauliwa hata na wanaoyajua mawili ya kwanza.

Kwa mwalimu anayeona haya, iko njia isiyohitaji maneno mengi. Anunue vibofu viwili, vile vya watoto vya kupuliza, ambavyo navyo ni vya mpira. Avipulize sawasawa na kuvifunga, kimoja akipake maji, kingine mafuta ya nazi yaleyale yauzwayo Otonglo, akiyasugua taratibu. Aviweke juu ya meza na kuendelea na somo. Baada ya dakika kadhaa kile cha mafuta huanza kufifia rangi na kulegea, na mara nyingi hupasuka katikati ya sentensi. Arudie kwa mafuta ya kupikia, arudie kwa mafuta mazito ya kujipaka, na muda wa kila kimoja uandikwe ubaoni. Anayeandika awe mwanafunzi.