Si Kila Chuma ni cha Kupimwa Mizani

Huku kwetu Shinyanga kuna neno la haraka la kumfunga mtu mdomo. Wakikuona unapenda kitu cha zamani kilichotoka Ulaya, wanakuita kibaraka wa mkoloni, na mazungumzo yameisha. Mimi napenda pikipiki za Kiingereza za zamani: BSA, Norton, Triumph, Matchless, Royal Enfield. Nimeitwa kibaraka mara nyingi, na nimenyamaza mara nyingi. Leo nataka kujibu.

Nianze na hilo la ukoloni. Mwaka 1940 almasi ziligunduliwa Mwadui, mwendo mfupi tu kutoka hapa mjini. Mwaka 1947 ikatoka huko almasi ya rangi ya waridi, akapewa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kuwa zawadi ya harusi. Ikachongwa, ikatiwa katika pambo la kifuani lenye umbo la ua, naye akalivaa miaka na miaka. Sijapata kusikia Mwingereza akiambiwa kuwa ni kibaraka wa Wasukuma kwa sababu anaipenda almasi ya Mwadui. Jiwe letu lilikwenda, chuma chao kikaja. Kama kuna deni kati yetu, basi pikipiki kuukuu ni malipo madogo mno, na sioni kwa nini niyaonee haya.

Tena chuma hakina kabila. BSA Bantam, pikipiki ndogo yenye alama ya jogoo, ilianza kuuzwa mwaka 1948. Waingereza hawakuibuni. Ni mchoro wa DKW ya Wajerumani, uliochukuliwa kama fidia ya vita. Warusi waliuchukua mchoro huohuo, Wamarekani wa Harley-Davidson nao wakauchukua, na Yamaha ya kwanza kabisa, ya mwaka 1955, ilitengenezwa kwa kuuiga. Mwaka huohuo 1955 Wahindi walianza kuunganisha Royal Enfield Bullet mjini Madras. Kiwanda mama cha Redditch kikafa, Madras wakaendelea, na leo pikipiki za Royal Enfield zinatoka India kwenda kuuzwa Uingereza. Je, Wahindi nao ni vibaraka? La hasha. Walikitunza chombo, wakakijua ndani na nje, kikawa chao. Mali ni ya anayeitunza.

Nikishawajibu hao, sina budi kuwageukia wenzangu tunaopenda vyombo hivi. Wako wazee wanaokaa kivulini wakisema kuwa chuma cha Mwingereza hakifi, na kwamba hizi za siku hizi ni makopo matupu. Ndugu zangu, tuseme kweli. Chuma cha Mwingereza kilikufa, tena kiliuawa na majivuno ya wenye viwanda. Mwaka 1960 Edward Turner, mkuu wa Triumph, alikwenda Japani, akaona kwa macho yake jinsi Honda na wenzake walivyokuwa wakifanya kazi, akarudi na kuwaeleza wenzake. Hawakubadilika vya kutosha. Injini ziliendelea kuvuja oili, na taa ziliendelea kuzimika usiku hata Waingereza wenyewe wakamtania Lucas, mtengenezaji wa vifaa vya umeme, kuwa ni mfalme wa giza. Mwaka 1969 Honda wakatoa CB750 yenye silinda nne, inayowaka kwa kubonyeza kitufe. Kufikia mwaka 1973 BSA, kampuni iliyoanza Birmingham mwaka 1861 kwa kutengeneza bunduki, ilikuwa imeanguka. Anayependa kwa kudanganya hapendi.

Basi mimi napenda nini? Napenda chombo kinachokubali kujulikana. Injini ya Bantam haina valvu. Petroli unaichanganya na oili kwa mkono wako. Ukiwa na spana chache za inchi (zile za milimita zitakula nati), unaweza kufungua kichwa cha silinda mchana, ukakwangua masizi, ukatazama pistoni na ringi, na kabla ya magharibi ukapiga kiki na kuondoka. Gia iko mguu wa kulia na breki mguu wa kushoto, kinyume na za leo, kwa hiyo hata mwizi lazima ajifunze kwanza. Marehemu baba yangu aliinunua yake ikiwa tayari imechoka, na fundi aliyeihudumia hakuwa na cheti chochote. Gasketi aliikata kwa mkasi kutoka kwenye karatasi ngumu. Kibweta cha klachi alikichonga kwa tupa, siku mbili, akiwa amekaa juu ya tofali. Ninapoitazama pikipiki ile sioni Birmingham. Naona kazi ya mikono ya fundi yule, ambayo haikuandikwa popote.

Hapa ndipo ugomvi wangu hasa ulipo, nao si na Waingereza. Ni na tabia yetu sisi wa ukanda huu wa dhahabu, ambayo naiita tabia ya machimbo. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966, mali ikiwa imekwenda na mashimo yamebaki. Mkubwa wa sasa ulianza uzalishaji mwaka 2000. Katikati na pembeni, wachimbaji wadogo wamekwenda duara kwa duara: panapotoa, watu wanajaa, panapokauka, wanahama na kuacha shimo wazi. Siwalaumu wenye njaa. Lakini tabia hiyo imetoka shimoni ikaingia majumbani. Kila kitu sasa ni mwamba wa kusaga: toa kilichomo, tupa kilichobaki.

Tazama bodaboda. Kijana anachukua pikipiki kwa mkataba, kila jioni anapeleka hesabu kwa tajiri, naye akimaliza mkataba chombo kinakuwa chake. Tajiri haulizi oili ilibadilishwa lini, anauliza hesabu. Kijana naye anabeba abiria watatu, au viroba vya mawe kupeleka kwenye karasha, kwa sababu hesabu haingoji. Siku chombo kinapokuwa chake, kimekwisha. Na hizi pikipiki za Kihindi na Kichina zilizojaa Katoro na Kahama si siri hata kidogo. Zinafunguka kama Bantam, na fundi mzuri anaweza kuzidumisha. Zinakufa mapema kwa sababu hakuna aliyepewa nafasi ya kuzijua. Kosa ni la mkataba, si la kijana, wala si la Mchina.

Na za zamani? Zinaishia kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Nimeona tangi la Matchless likirushwa kwenye mizani pamoja na sufuria na nondo zilizopinda. Mtu ataniambia, "Wewe una shibe ndiyo maana unaongea, mwenzako anauza chuma apate unga." Hoja hiyo naiheshimu. Mwenye njaa na auze. Lakini wengi niliowaona wakiuza hawakuwa na njaa. Waliona nafasi ile inafaa kuwekwa friza ya soda. Na kwenye mizani, injini iliyofanya kazi miaka hamsini ina bei ileile ya nondo. Hata kwa hesabu ya biashara tupu hiyo ni hasara, maana wako watu duniani wanaotafuta kabureta moja ya aina hiyo kwa miaka.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi sidai tuache bodaboda turudi kwenye Bantam. Nadai mambo matatu tu. Kwanza, mwenye pikipiki ya mkataba aandike humohumo mkatabani siku ya matengenezo, na siku hiyo asidai hesabu. Pili, vyuo vyetu vya ufundi vitafute injini kuukuu moja, BSA au yoyote, wanafunzi waifungue hadi nati ya mwisho na kuirudisha mpaka iwake, kwani hakuna kitabu kitakachowafundisha zaidi. Tatu, kabla ya kupeleka chuma cha marehemu kwenye mizani, muulize mzee aliye karibu ni fundi gani alikihudumia, na uliandike jina lake. Dhahabu yetu imeandikwa na wengine, kwa wakia, katika vitabu vyao. Mafundi wetu tusipowaandika sisi, hakuna mwingine atakayefanya kazi hiyo.