Kibarua wa korosho naye aingie kwenye ajenda

Saa kumi za alfajiri, umande ukiwa bado umelala juu ya majani, mashine za kupulizia salfa huanza kunguruma katika mashamba ya mikorosho ya Nachingwea na Ruangwa. Saa hiyo haikuchaguliwa kwa bahati. Upepo umetulia, na unga wa salfa hunata vizuri kwenye maua na majani yenye unyevu. Ni kinga dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa unaoweza kukausha maua na kumwacha mkulima mikono mitupu. Kijana aliyebeba mashine mgongoni anaelekeza bomba juu, unga unapanda, kisha unashuka, na wa kwanza kushukiwa ni yeye. Jua linapochomoza macho yake ni mekundu na kifua kinawasha. Mara nyingi kinga yake ni kipande cha kanga kuukuu alichojifunga puani.

Kijana huyo hana barua ya ajira. Amepatana na mwenye shamba kwa siku au kwa mti. Akiugua, mwingine anashika mashine, na msimu unaendelea.

Mambo ya afya ya wafanyakazi yanapozungumzwa, watu hutazama Dodoma: wizara, sheria, matamko ya Mei Mosi. Katika wilaya hizi mbili za Mkoa wa Lindi, hata hivyo, uongozi unaoamua kama mtu atafika jioni akiwa mzima uko karibu zaidi. Uko kwa bodi ya chama cha msingi cha ushirika (AMCOS), kwa msimamizi wa ghala, kwa mwenye shamba, na kwa mkuu wa zamu mgodini. Hao ndio wanaoamua gunia litakuwa na uzito gani, maji ya kunywa yatawekwa wapi, na barakoa itanunuliwa au haitanunuliwa. Maamuzi hayo ni madogo na hayaandikwi magazetini, lakini mapafu na migongo ya watu inayategemea.

Uongozi huo upo, na sehemu yake ni ya kuchaguliwa. Chama Kikuu cha Ushirika cha RUNALI kimebeba katika jina lake wilaya tatu, Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Chini yake kuna vyama vya msingi vyenye bodi, makatibu na mikutano mikuu. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kwenye korosho mwaka 2007, wakulima wamejifunza kuhoji. Siku ya mnada watu wanajua bei ya kila lundo, wanajua makato, na wanajua nani kachelewesha malipo. Mwaka 2018, wanunuzi walipotoa bei zilizokataliwa na Serikali ikaamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, hata mtoto wa shule kusini alikuwa na hesabu ya kilo za nyumbani kwao. Umakini huo ni mali kubwa. Bado haujamfikia mtu anayeibeba hiyo korosho.

Tazama ghala wakati wa msimu, Oktoba na Novemba, joto likiwa limepanda na mvua hazijaanza. Lori linafika, wabebaji wanapanga mstari. Gunia la korosho ghafi huwa na kilo 80 hivi. Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake la mwaka 1967 kuhusu uzito wa mizigo, lilisema mzigo anaobeba mwanaume mzima peke yake ukizidi kilo 55, zichukuliwe hatua za kuupunguza ufike hapo. Miaka mingi imepita tangu maneno hayo yaandikwe, na gunia la kilo 80 bado linapandishwa begani na mtu mmoja, kwenye ubao uliolazwa kutoka ardhini hadi juu ya lori. Kwa kuwa malipo ni kwa gunia, mtu hapumziki. Anakimbia.

Hapa dawa haihitaji utaalamu wa mbali. Toroli chache za magurudumu mawili. Jukwaa la saruji lenye kimo cha lori, ili gunia lisukumwe badala ya kubebwa. Watu wawili kwa gunia moja. Ndoo ya maji safi yenye bomba, na kivuli cha kukaa wakati wa mapumziko. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo apewe mapumziko ya angalau dakika 60, na saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki. Msimamizi wa ghala anayejua hilo na akalitekeleza amefanya kazi kubwa kuliko semina yoyote.

Kwa wanawake wanaobangua, shida iko mikononi. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi, na wabanguaji wengi hujikinga kwa majivu au kwa kujipaka mafuta ya kupikia. Miaka ya 1970 na 1980 Tanzania ilijenga viwanda vya kubangua vyenye mitambo ya Italia na Japani, kimojawapo hapo Nachingwea. Vingi vilisimama, vingine vikageuzwa maghala. Sasa wito wa kubangua korosho nchini umerudi kwa nguvu, na ni wito mzuri, maana korosho ghafi inayosafirishwa nje inaondoka na ajira zake. Lakini kila mpango wa kiwanda kipya unapowasilishwa, viongozi waulize suala la glavu, hewa ya ukumbi na saa za kazi siku ile ile wanayouliza tani ngapi zitabanguliwa. Waulize pia mama anayenyonyesha atafanyaje, kwa sababu sheria hiyo hiyo ya 2004 inampa hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto wake.

Nachingwea ina kumbukumbu chungu ya kazi iliyopangwa bila kuwasikiliza wanaoifanya. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilibuni mradi mkubwa wa karanga kwa ajili ya mafuta ya kula. Lengo lilikuwa kufungua zaidi ya ekari milioni 3 katika Afrika Mashariki na ya Kati, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Bandari ikajengwa Mtwara, reli ikaletwa hadi Nachingwea. Walioketi London walikuwa na ramani na matrekta, ila hawakuwa na subira ya kuuliza udongo na mvua za huku zikoje. Hata hali ya wafanyakazi wao waliijua kwa mgomo: mwaka 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waliacha kazi wakidai malipo yanayolingana na ugumu wa maisha, na mgomo ukapanda na reli hadi Kongwa. Mwanzoni mwa 1951 mradi ulifutwa, pauni zipatazo milioni 36 zikiwa zimepotea. Reli nayo ikang'olewa miaka ya 1960. Ya karanga yalikwisha, lakini ile tabia ya kusubiri mpaka mfanyakazi aanguke au agome ndipo kiongozi amwone haijaisha.

Na sasa uchumi wa wilaya hizi unaingia chini ya ardhi. Ruangwa ina madini ya kinywe, ambayo dunia inayataka kwa betri za magari ya umeme. Mgodi wa Lindi Jumbo uko huko, na kampuni nyingine zimekuwa zikitafuta na kupanga kuchimba. Kuna pia wachimbaji wadogo wa dhahabu na vito. Magari hayo ya umeme yanapendwa kwa kuwa hayatoi moshi katika miji ya mbali. Vumbi la kinywe na la mwamba linabaki Ruangwa, na likivutwa kwa miaka mingi huharibu mapafu na kuyafungulia mlango maradhi ya kifua kikuu. Tanzania haihitaji kujifunza hili upya. Mererani, kwenye tanzanaiti, wachimbaji wamekohoa kwa muda mrefu, na Hospitali ya Kibong'oto mkoani Kilimanjaro inawafahamu vizuri. Kumwagilia maji mahali panapotobolewa mwamba hupunguza vumbi sana. Kumpima mtu kifua kabla hajaanza kazi, kisha kila mwaka, humwokoa mapema. Kwa wanaotumia zebaki kukamata dhahabu, nchi imeshajiunga na Mkataba wa Minamata unaolenga kuipunguza, na afisa madini asiyelizungumza jambo hilo mgodini anawaacha watu waugue polepole.

Sheria zipo, tena nzuri. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA) ulianzishwa mwaka 2001, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ikatungwa 2003, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ukatokana na sheria ya mwaka 2008. Mwajiri wa sekta binafsi huuchangia mfuko huo asilimia 0.5 tu ya mishahara. Kwa takriban miaka 10 tangu Novemba 2015, mbunge wa Ruangwa, Kassim Majaliwa, alikuwa Waziri Mkuu, na ofisi yake ndiyo iliyosimamia masuala ya kazi pamoja na taasisi hizo. Kwa hiyo hakuna anayeweza kudai kwamba Lindi iko mbali mno na wenye sheria. Kinachokosekana ni daraja kati ya kitabu cha sheria na kibarua asiyeandikwa popote. Mkaguzi wa OSHA hawezi kusimama chini ya kila mkorosho alfajiri. Katibu wa AMCOS, anayemjua kila mwenye shamba kwa jina, anaweza angalau kuuliza.

Wapo watakaosema mkulima amechoshwa na makato, na ni kweli. Basi lisiongezwe kato jipya. Kitengwe kiasi kidogo ndani ya yaliyopo. Chama cha msingi kinachouza tani 1,000 kwa msimu, kikitenga shilingi 5 za tozo zake kwa kila kilo, kinapata shilingi milioni 5. Fedha hizo zinanunua barakoa, miwani ya kinga na glavu za kuazimana kwa zamu, zikitunzwa ghalani kama zinavyotunzwa mizani. Au, kwa kiwango cha shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6 ambacho bima ya afya ya jamii, CHF iliyoboreshwa, ilianza nacho, zingetosha kaya 166. Halmashauri nazo zina ushuru wa mazao ya biashara wa asilimia 3; kwa korosho ya shilingi 3,000 hiyo ni shilingi 90 kila kilo. Sehemu ndogo ya ushuru huo ingeweza kupeleka dawa ya macho na mhudumu aliyefundishwa katika zahanati za vijiji vinavyopuliza.

Tena mpulizaji huyo si mgeni. Kwa wakulima wengi wadogo ni baba mwenyewe wa nyumba, au kijana wake, au jirani. Fedha ambayo haikununua barakoa Juni inatoka mfuko ule ule Desemba, kwenye nauli ya kwenda hospitali na siku za kulala kitandani.

Kwa hiyo ombi linaelekezwa kwa wajumbe wa mikutano mikuu ya AMCOS za Nachingwea na Ruangwa. Kabla mifuko ya salfa ya msimu ujao haijashushwa, mmoja wenu anyooshe mkono, aombe ajenda iongezwe, na aulize mbele ya wote: vifaa vya kujikinga vya wapulizaji na wabebaji viko wapi, na nani amekabidhiwa kazi ya kuvigawa? Jibu liandikwe kwenye muhtasari, pamoja na jina la mhusika na tarehe.