Kikundi cha Walimu Kiwe Darasa, Kisiwe Baraza la Amri

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Methali hii sisi walimu huwakaririsha wanafunzi wetu kila uchao, tukawahimiza wainue mikono bila haya. Ajabu ni kwamba sisi wenyewe tumeipa kisogo. Nayasema haya kutokana na jambo nililolishuhudia katika kikundi kimoja cha WhatsApp cha walimu wa huku kwetu Chawia, katika vilima vya Taita.

Usiku mmoja, mwalimu kijana wa sekondari msingi aliandika swali kikundini. Yeye alisomea kufundisha Kiswahili na Dini, lakini amepangiwa pia somo la sayansi kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Alitaka kujua ni kwa nini balbu mbili zinazofuatana kwenye waya mmoja huwaka hafifu kuliko balbu moja, na angewaelezaje wanafunzi hali hiyo. Kabla hajajibiwa, mkubwa mmoja aliyemo kikundini akaandika: "Mwalimu mzima hujui hili?" Vikafuata vikaragosi vya kicheko, kisha kimya. Tangu usiku huo, sijaona mwalimu mwingine akiuliza neno la kufundisha mahali pale. Yanayopita sasa ni nyaraka za ofisini, rambirambi, michango ya harusi na mitihani iliyonakiliwa kutoka kwingine.

Simlaumu kijana yule hata chembe. Gredi ya 7 ilipoanza mwaka 2023 na kuwekwa katika shule za msingi, walimu wachache walijikuta wamebeba masomo mengi, baadhi yakiwa yale ambayo hawakuyasomea chuoni. Katika hali kama hiyo, mwalimu anayeuliza usiku ili afundishe vyema asubuhi anastahili pongezi. Wa kuogopwa ni yule asiyejua, naye akaingia darasani kimya akiwa na kitabu mkononi, akasoma alichokisoma na kutoka.

Yamkini msomaji atauliza: kwani hakuna njia nyingine za mwalimu kujiendeleza? Zipo, lakini hazitoshi. Zamani tulikuwa na vituo vya ushauri kwa walimu, ambako mwalimu aliweza kupata vitabu, zana na mshauri. Leo afisa wa kusaidia mtaala ana shule nyingi za kuzuru, na huku vilimani shule moja na nyingine hutenganishwa na bonde na mlima. Semina ikifanyika Mwatate au Wundanyi, mwalimu hulipa nauli na darasa lake hubaki bila mtu. Aidha, mwaka 2021 Tume ya Huduma kwa Walimu ilipozindua mafunzo ya lazima ya kujiendeleza kitaaluma, mwalimu alitakiwa alipe Sh6,000 kwa mwaka kutoka mfukoni mwake. Malalamiko yaliyozuka hayakuwa ya walimu wanaochukia kusoma. Yalikuwa ya watu waliouliza ni kwa nini wanunue ujuzi wa kumfanyia mwajiri kazi.

Simu, basi, imetupa kitu ambacho semina haikuweza kutupa: mwenzetu aliye karibu saa ile ile tunapokwama. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, walimu wengi walijifunza kutumiana sauti, picha na mazoezi kwa simu. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Mwalimu wa hapa Chawia anaweza kupiga picha za msitu wetu mdogo na kueleza habari za ndege wasiopatikana kokote duniani ila katika mabaki ya misitu ya vilima hivi. Wa kule Voi naye akamweleza jinsi anavyofundisha kuhusu ndovu wa Tsavo wanaovamia mashamba ya wazazi wa wanafunzi wake. Hakuna kitabu cha Nairobi kitakachowapa watoto wa Taita Taveta mifano iliyo karibu nao kama hiyo.

Hata hivyo, kuwa na kikundi si kujifunza. Mwalimu anayepokea andalio la somo lililotungwa na mtu asiyelijua darasa lake, akalichapisha na kulitia katika faili ili mkaguzi aridhike, amepunguza kazi ya kuandika tu. Kujifunza huanza pale mtu anapothubutu kusema: nilifundisha hivi, watoto hawakuelewa, nisaidieni. Sentensi hiyo ni nzito. Haiwezi kutamkwa mbele ya yule anayekuandikia ripoti ya utendakazi.

Hapo ndipo penye kiini cha rai yangu. Vikundi hivi viwe viwili. Kimoja kiwe cha usimamizi, ambamo mwalimu mkuu na maafisa watatoa nyaraka na maagizo yao, kwa kuwa wana haki na haja ya kufanya hivyo. Cha pili kiwe cha walimu wa somo au wa gredi, kisicho na mkubwa ndani yake, na linaloulizwa humo lisitolewe nje kama ushahidi dhidi ya mtu. Rambirambi na michango nayo nisingependa ifutwe, maana kuliwazana ni utu. Itafutiwe mahali pake ili swali la mwalimu lisizikwe chini yake.

Kikundi cha somo nacho kiwe na adabu zake. Swali moja kwa juma latosha, mradi aliyejibiwa akajaribu darasani na kurudi kueleza yaliyotokea. Picha za nyuso za watoto na alama zao zisirushwe ovyo. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu mwaka 2019, na hata isingekuwapo, mtoto aliyefeli ana heshima yake. Tusiwasahau pia wenzetu wanaofundisha penye mtandao hafifu, wala wale ambao fedha za kununua data ni mzigo kwao. Mmoja wa kila shule ayaandike majibu katika daftari la ofisi ya walimu, ili asiyekuwa na simu ya kisasa asome wakati wa chai. Wala asilaumiwe mwalimu aliyezima simu yake usiku ili awe na jamaa yake.

Daftari hilo lina faida nyingine. Tume ikitaka kujua kama mwalimu anajiendeleza, na itazame humo: swali lililoulizwa, jaribio lililofanywa, na matokeo yake. Ushahidi wa namna hiyo una uzito kuliko stakabadhi ya malipo.

Nirejee kwa kijana wetu. Swali lake lilijibiwa hatimaye, lakini kwa siri. Mwalimu mmoja wa sayansi alimtumia ujumbe wa sauti faraghani, akamweleza kwamba balbu zikifuatana kwenye waya mmoja hugawana nguvu ya betri, ilhali kila moja ikipewa njia yake hupata nguvu kamili. Akamshauri atafute betri za tochi, balbu ndogo na vipande vya waya. Asubuhi yake wanafunzi waliziunganisha wenyewe, wakaona kwa macho yao. Somo lilifana.

Lakini walimu wengine waliokuwa kikundini hawakulisikia jibu lile. Yumkini miongoni mwao wamo waliokuwa na swali lilo hilo, wakalimeza baada ya kuona mwenzao akichekwa. Wanafunzi wao ndio waliolipa gharama ya kicheko hicho. Enyi wakubwa wetu, mkiliona swali la mwalimu, lijibuni. Na kama hamna jibu, waacheni walimu waulizane.